Kwa Sababu Mathe Alikwenda Alimbongo

Watu wakimwambia Kanyere Séphora kwamba hasira hasara, huwajibu kuwa hasara ilimjia zamani, ikamkuta akiwa mpole. Huyo ndiye mwalimu wa Kiingereza wa shule yetu ya sekondari hapa Beni, upande wa barabara iendayo Mavivi. Mimi naitwa Lusenge. Nafundisha Kifaransa katika chumba kinachofuata chake, na kati yetu kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo kwa miaka tisa nimesikia masomo yake yote, nipende nisipende. Nasema mapema kwamba mimi pia ni mtu wa hasira, na mambo ninayoyasimulia bado hayajanitoka moyoni.

Somo lake kubwa la mwaka wa sita ni kugawa sentensi ya Kiingereza vipande vipande. Vitabu vya Kiswahili huviita vipande hivyo kirai na kishazi. Darasani kwetu wanasema phrase na clause. Séphora hana subira na majina. Ana maswali mawili, na huyapiga mezani kwa kifutio cha ubao mpaka vumbi la chaki linamkohoza: "Nani? Anafanya nini?" Kipande kikijibu yote mawili ni kishazi, kwa kuwa kina mtu na kina tendo la mtu huyo. Kisipojibu ni kirai tu: "sokoni asubuhi", "barabara ya zamani ya Butembo", maneno yamekaa pamoja lakini hakuna anayefanya kitu. Halafu huongeza lile ambalo wanafunzi hulisahau kila mwaka. Kishazi kikianza na "kwa sababu" au "wakati" hakiwezi kusimama peke yake, kinamwegemea mwenzake kama mtu aliyevunjika mguu. Lakini kinabaki kishazi. Aliyevunjika mguu hajaacha kuwa mtu.

Asubuhi moja alifika darasani, akautupa mkoba wake mezani. Alikuwa amesikiliza redio njiani.

"Munasikia?" alisema. "Manyumba ilichomwa. Batu baliuawa. Nani aliichoma? Nani aliwaua? Nyumba inajichoma yenyewe? Kwetu hapa hata kifo haina mwenyewe!"

Hakuna mwanafunzi aliyecheka. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametoka katika vijiji walivyovikimbia, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake kichwani. Karibu na mlango alikaa Hadassa, msichana wa miaka ishirini na moja, mkubwa kuliko wenzake kwa sababu vita vilimlia miaka miwili ya masomo. Alikuwa akiishi kwa mjomba wake. Alikuwa hodari, ila hakupenda kunyoosha mkono. Alisubiri wengine wakosee kwanza.

Sasa nieleze habari ya kaye. Kaye ni daftari, na sisi vitabu hatuna, tuna kaye. Kaye ya Kiingereza ni moja tu, ya Mwalimu Gamaliel Syauswa, aliyefundisha Butembo miaka arobaini. Wanafunzi wake waliinakili, wakawa walimu, wakawasomea wanafunzi wao, nao wakanakili. Leo kutoka Alimbongo, kusini mwa Butembo, mpaka Mavivi, shule nyingi za kanisa letu zina kaye hiyo hiyo. Mwalimu anasoma, watoto wanaandika, kengele inalia, kila mtu anakwenda zake. Wanaita hiyo kufundisha! Mimi nimeona mwalimu akisinzia huku akisoma, na watoto wakaandika hata pale aliporudia mstari mara mbili.

Séphora peke yake aliikataa. Alifundisha kwa kichwa chake na kwa kitabu kimoja cha zamani alichonunua Kasindi mpakani, kimetoka jalada. Ukimwuliza sababu, alisema, "Ile kaye iko kaburi," akabadili mazungumzo. Nilidhani ni majivuno ya mtu anayejua kazi.

Kila mwaka baada ya Pasaka, kikundi cha walimu wa Kiingereza kinachokutana Butembo hutunga mtihani wa pamoja kwa mwaka wa sita. Shule yetu ina sheria yake: asiyefikia nusu katika mtihani huo hapelekwi kwenye mtihani wa taifa, anarudia mwaka. Shule inataka kujisifu kwamba wanafunzi wake wote hufaulu, na njia rahisi ya kujisifu ni kuwafungia mlango wale ambao huna hakika nao. Mwaka huu karatasi zilirudi Jumatatu. Kati ya wanafunzi kumi na tisa wa Séphora, kumi na wawili walikuwa chini ya nusu.

Kumi na wawili! Darasa lililokuwa likiongoza kila mwaka!

Nilisikia kelele kupitia mbao, nikaacha wanafunzi wangu na vitenzi vyao, nikaenda kusimama mlangoni kwake. Hadassa alikuwa mbele, karatasi mkononi, hakulia.

"Madame," alisema, "tuliandika vile ulitufundisha."

Séphora akaichukua karatasi. Swali la nne lilitoa kipande cha Kiingereza na kuuliza kama ni phrase au clause. Nakitafsiri kama kilivyokuwa: "Kwa sababu Mathe alikwenda Alimbongo kulima viazi vya mwalimu." Hadassa aliandika kwamba ni clause, kwa kuwa Mathe yupo na tendo lake lipo. Msahihishaji aliweka alama ya mkasi kwa wino mwekundu juu yake, na pembeni akaandika kanuni ya kaye: kisichosimama peke yake ni phrase. Maswali mengine sita yalifuata kanuni ile ile, na yote yalibeba alama nyingi. Wale saba waliopona walipona kwa sababu walipata mengi katika sehemu nyingine.

Kidole cha Séphora kilibaki juu ya swali la nne kwa muda mrefu. Halafu akakitupa kifutio kwa nguvu zake zote, kikagonga ukuta upande wa chumba changu.

Tulikwenda pamoja kwa prefe, mkuu wa shule yetu. Alikuwa anakula maharagwe, hakuacha.

"Madame, miye hapana jua Anglais," alisema. "Miye najua kaye. Kaye inasema phrase, batoto banasema clause. Donc batoto balikosa. Liste inatoka vendredi." Yaani orodha ya watakaopelekwa kwenye mtihani wa taifa ingetoka Ijumaa.

"Na kama kaye yenyewe njo ilikosa?" niliuliza.

"Kaye ya Mwalimu Gamaliel? Kama ilikosa, lete barua ya kikundi yao. Barua haiko, batoto barudie."

Hadassa alikuwa akitungoja nje. Alituambia habari ya noko, yaani mjomba wake, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya mkaa: "Noko alisema mwaka hii njo ya mwisho. Kama jina yangu haiko kwa liste, nakwenda mu shamba yake ya kakao." Akaondoka. Nilitamani kuivunja ofisi ile kiti kwa kiti.

Jumatano walimu wa kikundi walikuwa na mkutano Butembo. Tuliondoka mapema, Séphora na mimi nyuma ya pikipiki moja, karatasi kumi na mbili ndani ya mkoba wake. Njia nzima nilitukana. Nilimtukana prefe, nikayatukana maharagwe yake, nikafika kwa mtunzi wa ile sentensi.

"Mupumbavu gani aliandika hii?" nilipiga kelele ndani ya upepo. "Ningemukamata, ningemulisha kaye yote, na hata vyuma ya agrafe!"

Séphora hakujibu. Nilidhani ni vumbi. Mwanamke ambaye hasira yake inasikika kupitia mbao, siku ile alinyamaza kilomita zaidi ya hamsini, na mimi mjinga sikujiuliza kwa nini.

Kabla ya mkutano tulikwenda kwa Mwalimu Gamaliel mwenyewe. Nyumba yake iko kwenye mteremko, mbele ina kabeji, nyuma ina mikaratusi. Alitoka polepole, mrefu, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Séphora alipiga goti kidogo, akampa mikono yote miwili.

"Wavukire, mwana wangu," mzee alimsalimu kwa Kinande. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

Alitupa chai. Sikuigusa. "Mwalimu, na heshima yote," nilisema, "kaye yako inauwa batoto ya batu."

Hakukasirika. Alikwenda chumbani, akarudi na mfuko wa plastiki wa sukari, na ndani yake ilikuwamo kaye yenyewe, ile mama wa kaye zote, karatasi zake zimekuwa rangi ya ugali wa mtama. Akanifungulia ukurasa. "Soma, Lusenge. Macho yako iko mazuri kuliko yangu."

Nikasoma. Kanuni ilikuwa sahihi! Ilikuwa ile ile ya Séphora, karibu neno kwa neno: mtendaji na tendo lake ni clause, hata kama inaegemea nyingine. Hakukuwa na Mathe wala viazi. Ila ukurasa wenyewe ulikuwa umepasuka katikati, na mtu alikuwa ameuunganisha kwa plasta ya hospitali, plasta ya zamani iliyogeuka manjano.

"Basi ile ingine ilitoka wapi?" niliuliza.

Mzee alimtazama Séphora. Séphora aliweka kikombe chini.

"Ilitoka mu mukono yangu," alisema. "Miye njo niliandikaka ile."

Nilitaka kusimama nimtukane. Lakini nilikaa nikasikiliza, na hivi ndivyo ilivyokuwa.

Miaka ishirini na mitatu iliyopita Séphora alikuwa mwaka wa tano, mwanafunzi wa Gamaliel. Gamaliel alikuwa na shamba la viazi Alimbongo. Wakati wa kupanda aliondoka wiki mbili, tatu, akaacha kaye kwa mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri ili aandike ubaoni na wenzake wanakili. Desturi hiyo ilikuwa kila mahali, na msinidanganye kwamba imekwisha. Hakwenda peke yake. Alichukua wavulana wa darasa, wenye nguvu, hasa wale ambao hawakuwa na baba wa kuja kuuliza. Mathe alikuwa kaka yake Séphora, amemtangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja, wanasoma darasa moja. Mwaka ule alichukuliwa mara tatu.

Mara ya tatu, Séphora alibaki na chaki na kaye. Paa lilivuja usiku, kurasa zikagandana, alipozivuta ukurasa wa phrase ukapasuka. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Wa kuulizwa alikuwa Alimbongo anahesabu mafungu ya mbegu. Basi akajaza pengo kwa kichwa chake. Akaandika kwamba kisichosimama peke yake ni phrase. Na penye mfano, akaandika kilichokuwa kinamchoma.

"Nilifikiri ataisoma," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ile ninayoijua, ya kupasua mbao. "Nilifikiri atarudi, ataona ile mustari ku tableau, atapata haya. Niliiandika ju yeye asome! Alirudi, hata hakuangalia tableau. Batoto bakafuta."

Walifuta ubaoni tu. Katika kaye hamsini sentensi ilibaki, na kaye hamsini zikazaa nyingine.

"Niliisoma," alisema Mwalimu Gamaliel.

Tukamgeukia wote wawili.

"Mwezi ule ule. Nilikuwa nasahihisha bakaye ya batoto, nikaiona. Nikasoma mara mbili." Alivua miwani. "Ningesema nini? Kama nasahihisha ile mustari, batoto bataniuliza, viazi ya nani? Bazazi yabo bataniuliza. Nikaacha. Na kila mwaka nilipotunga examen, ile chapitre niliiruka. Mwaka hii macho ilikataa, kijana mumoya wa kikundi, Jéthro, akatunga. Yeye hapana jua kitu. Alichukua tu mu kaye."

Miaka ishirini na mitatu mtu mzima analiruka somo zima, watoto wa watu wanafundishwa uongo, kwa sababu ya magunia ya viazi! Nilisimama, chai ikamwagika. Lakini Séphora alikuwa amenitangulia.

"Na Mathe?" alisema. "Yeye pia ulimuruka tu? Mwisho wa mwaka ulimukata ku shule ju ya absences. Absences, Mwalimu! Alikuwa absent mu shamba yako! Wewe njo ulimupeleka, na wewe njo ulihesabu siku yenye hakukuwa!"

Mzee aliangalia sakafu. Sikumwonea huruma. Leo naweza kumwonea kidogo, siku ile hapana.

Na Séphora je? Naye sikumwonea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye katika miaka yetu tisa pamoja alikuwa na nafasi ya kuuziba. Aliichukia kaye mbele yetu wote, akaiita kaburi, na hakutuambia kwamba maiti aliiweka yeye. Siku mbili alikuwa amewaacha watoto kumi na wawili wakiamini kwamba wao ndio wajinga. Nilimwambia hayo pale pale. Alisema, "Unasema kweli," na hilo likanikasirisha zaidi, maana nilitaka tugombane.

Mwalimu Gamaliel alichukua karatasi, akaandika barua kwa kikundi. Aliandika polepole, pua karibu na karatasi, akaweka saini. Ilisema kwamba makosa yalitokea wakati wa kunakili kaye, na kwamba kanuni sahihi ni hii. Ilikuwa barua nzuri. Hakukuwa na jina la mtu ndani yake.

Nami, mwenye hasira zote hizi, niliipenda. Nilimwambia Séphora njiani: "Inatosha. Tuwaokoe batoto, aibu ibakie ku nyumba." Akaitia barua mkobani.

Mkutano ulikuwa katika chumba cha nyuma cha kanisa, walimu kumi na wanne, kila mmoja na kaye yake mezani, na Mwalimu Gamaliel akaketi mwishoni kama mgeni. Jéthro aliongoza. Ni kijana wa miaka thelathini, shati limenyooshwa vizuri, amemeza kaye yote kwa moyo. Aliisoma barua kwa sauti, akaikunja mara nne.

"Makosa yalitokea," alisema. "Nani aliyafanya? Miye nilitunga na kaye, na hapa bote tuko na ile ile. Kama hakuna mutu alikosa, basi kosa haiko. Ama tuseme kweli, hawa bandugu ya Beni batoto yabo balianguka, sasa banaomba points. Batu ya Beni, kila kitu ni vita, kila kitu ni mutuhurumie."

Wengine wakacheka. Nilimwendea. Naapa nilimwendea, na mwalimu mmoja mnene akanishika kiuno. Watoto wale walikimbia usiku na kaye zao zimefungwa kwenye kanga, na huyu anatuambia tunaomba huruma!

Séphora alisimama, akapita kati ya meza, akachukua chaki. Aliandika ubaoni, kwa Kiingereza, ule mwandiko wake uliomponza: Kwa sababu Mathe alikwenda Alimbongo kulima viazi vya mwalimu.

"Mufungue bakaye," alisema. "Mutafute."

Wakafungua. Kurasa zilipinduliwa chumba kizima. Mmoja aliipata, mwingine akaipata, mpaka wote kumi na wanne walikuwa na kidole juu ya mstari ule ule.

"Munaisomea batoto miaka ngapi?"

"Kumi na moya," alisema mmoja. "Miye, kumi na saba," alisema mwingine.

"Na hakuna hata mumoya aliulizaka, Mathe njo nani?" Aligonga ubao kwa kiganja. "Mwalimu gani? Viazi gani? Munafundisha sentensi yenye mwizi iko ndani, na hamumuoni! Nani? Anafanya nini? Hata mara moya hamukuuliza!"

Alielekeza chaki kwenye jina la Mathe.

"Mathe iko kaka yangu," alisema. "Na hii mustari miye njo niliiandika, niko na miaka kumi na munane, kaye ya Mwalimu ilipasuka mu mikono yangu na niliogopa kusema. Kanuni iko bongo, uongo tu. Niliitunga. Munafundisha bongo yangu, na batoto yangu kumi na mbili bamekatwa ju yake."

Kisha akageuka ubaoni. Sentensi ile ilikuwa imening'inia miaka ishirini na mitatu bila mwenzake wa kuiegemea, kwa maana ukisema "kwa sababu" lazima useme kilichotokea. Akaweka mkato, akaimaliza: hakumaliza shule.

Jéthro alidai ushahidi. "Madame, uko na preuve?"

Kiti kikalia mwishoni mwa chumba. Mwalimu Gamaliel alikuwa amesimama, amejishika kwenye meza.

"Preuve ni miye," alisema. "Viazi ilikuwa yangu."

Karatasi zilisahihishwa upya pale pale, na za shule nyingine pia. Wanafunzi wote kumi na wawili walivuka nusu, Hadassa akawa wa pili katika mtihani mzima. Jéthro aliandika barua ya kikundi, mkono wake mzito, na jina la Séphora likawekwa ndani waziwazi. Halafu, kwa kuwa watu lazima waadhibu, wakaamua kwamba Kanyere Séphora hatasahihisha wala kutunga mtihani wa pamoja kwa miaka mitatu. Kwa Mwalimu Gamaliel hawakuamua kitu. Alikuwa mzee, walisema, na ametumika sana. Nilitukana kimoyomoyo ili wasinifukuze.

Séphora alisema tu, "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," akafunga mkoba wake.

Alhamisi asubuhi prefe aliipokea barua, akaisoma mara mbili, akarudisha majina kumi na mawili kwenye orodha. Hakusema samahani kwa mtu. Orodha ilitoka Ijumaa na majina kumi na tisa.

Lakini nataka kumalizia na ile Alhamisi. Séphora angeweza kuingia darasani akasema mmevuka, wakapiga makofi. Mimi ningefanya hivyo. Nilisimama mlangoni, nikamwona akiweka barua mezani na kuwaambia mambo yote, kutoka ukurasa uliopasuka mpaka chumba cha kanisa. Wengine walipiga makofi aliposema wamevuka, kisha wakaacha, wakamtazama Hadassa.

Hadassa, aliyeitwa asubuhi ile arudi darasani, alikuwa amevaa kitenge, si sare. Alisimama.

"Ulijua tangu lini, Madame?"

"Tangu lundi. Nilisoma swali ya ine, nikajua."

"Lundi," alisema Hadassa. "Miye lundi mangaribi nilimwambia noko kama nilianguka. Alichukua uniforme yangu, alipatia mutoto yake. Siku mbili niliamka nakwenda mu kakao, najiambia miye niko bête, mujinga. Siku mbili! Na wewe ulikuwa unajua."

"Njo vile," alisema Séphora. "Nilijua. Niliona haya kukuambia. Unisamehe."

Hadassa aliketi. Sijawahi kuona hasira safi kama ile, na sikuona sababu hata moja ya kumlaumu Hadassa.

Séphora aligeukia ubao. Aliandika kanuni sahihi, na chini yake akaandika sentensi yote, na mwisho wake mpya. Vichwa kumi na vinane vikainama, kalamu za biki zikaanza kukimbia kama kila siku, kama katika kila shule kutoka hapa mpaka Alimbongo. Biki ya Hadassa ilikuwa juu ya meza, na mikono yake ameikunja.

"Andika, Hadassa."

"Hapana kwanza, Madame." Alikuwa anaangalia ubao. "Huyu Mathe. Njo nani? Anafanya nini?"

Biki nyingine zikasimama. Séphora aliweka chaki chini, akamgeukia.

"Kaka yangu," alisema. "Iko Alimbongo. Analima viazi. Mpaka leo, mu mashamba ya batu."

Hadassa akachukua biki yake, akaandika hiyo.